Mafundo Saba Chini ya Kola

Jina alilobatizwa watu walishalisahau. Walimwita Bi Sindano, na si kwa sababu ya kazi yake, maana mafundi wa kushona wako tele na hawaitwi hivyo. Ni ulimi. Ukimpelekea kitambaa cha gauni na mwili wako ukawa umekizidi kitambaa, hakuzunguka mbuyu: "Dada, hapa tutapata blauzi. Gauni katafute muongo akushonee." Mteja ananuna, anabeba kitambaa chake, anaondoka akijiapiza. Kesho yake anarudi, kwa kuwa mtaa ule na mtaa wa pili hapakuwa na mshono ulionyooka kama wa Bi Sindano.

Alikuwa akifanya kazi chumba cha mbele cha nyumba yake. Cherehani ya miguu ilikaa karibu na dirisha, meza ya kukatia katikati, pasi juu ya tofali, na ukutani kioo chenye ufa ambacho wateja walijitazama kwa kujiinamisha kidogo ili ufa usiwapite usoni. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, muuguzi, aliyekuwa akirudi kutoka kazini miguu inamuuma, anakaa juu ya robota la vitambaa na kusema, "Mama, leo usinitume." Na mama alimtuma.

Kazi aliifundishwa na fundi mmoja mzee ambaye hakujua kusoma hata herufi moja. Bi Sindano alikuwa ametoka shule darasa la sita, baba yake alipofariki, na alijiona msomi mbele ya mzee yule. Mzee alikuwa akitambua nguo za wateja kwa mafundo. Nguo ikipokelewa, anashonea ndani uzi wenye fundo moja, mawili, matatu, kila mteja na hesabu yake, kila familia na rangi yake. Bi Sindano, binti mdogo wakati ule, akacheka. "Babu, si uandike jina tu?" Mzee hakuinua kichwa. "Wino unafutika, mwanangu. Karatasi inalowa. Fundo linakaa." Na kweli, karatasi za yule binti msomi zikalowa siku ya kwanza ya mvua, suruali ya mwalimu ikaenda kwa muuza mkaa, na kuanzia hapo akafunga mafundo kama mwalimu wake. Akaendelea kuyafunga miaka arobaini.

Sasa kaka yake. Alikuwa na kaka mmoja, fundi wa saa, mtu wa kuinama. Kutwa anainamia saa, na akiambiwa neno zito nyumbani kwake anainama vilevile, kana kwamba kuna skrubu imemdondokea. Huyu ndiye aliyemuoa Kinanda.

Kinanda nalo ni jina la watu, na tuseme haki, alilistahili. Mwanamke yule alikuwa na sauti. Akianza wimbo kanisani, hata waliokuwa wakisinzia kwenye nguzo ya nyuma walinyanyua vichwa. Lakini Mungu akikupa sauti hakuambii uitumie kwenye nini, na Kinanda aliitumia kote, kwenye nyimbo na kwenye mambo ya watu.

Mama yao, wa Bi Sindano na kaka, alizeekea kwa kaka. Mwisho mwisho akili ilianza kumtoka polepole, kama mchanga kwenye mfuko uliotoboka. Alfajiri anaamka, anazunguka nyumba, anaongea na dada zake waliokufa zamani. Anaokota vifungo vya nguo, maganda, vipande vya mkate, anavifunga kwenye pembe ya kitambaa chake cha kichwa. Ukimuuliza ni vya nini, anasema, "Vya safari." Wazee wangapi tumewaona hivyo? Anayewajua anawashika mkono, anawarudisha ndani, anawapa uji.

Kinanda hakumshika mkono. Alikwenda kwa Mchungaji na kikosi cha maombi akasema mama mkwe anawanga, anazunguka nyumba alfajiri miguu peku, anakusanya vitu vya Kinanda na vya wanawe ili awafunge. Wakaja watu sita. Wakamweka bibi wa miaka themanini katikati ya sebule, wakamkemea pepo wa ukoo, wakamwekea siku tatu za kufunga bila chakula wala dawa zake za miguu, maana miguu ilikuwa imevimba. Bi Sindano alipopata habari na kufika mbio, futi ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni, alimkuta mama yake midomo imekauka, anauliza, "Watoto hawa wananidai nini?" Siku ya tisa akafa. Makaburini Mchungaji akasema amelala akiwa amefunguliwa. Kwenye soko watu walisema kwa ufupi zaidi: yule bibi mchawi amekufa.

Bi Sindano hakupiga kelele msibani. Hakuhama kanisa pia, ingawa binti yake alimwambia ahame. "Nihame niende wapi? Kanisa si la wifi. Mimi nilibatizwa pale Kinanda akiwa bado ananyonya." Alikaa kwenye benchi lake lilelile, la nne kutoka mbele, na Kinanda alipoimba peke yake, Bi Sindano alitazama dari.

Ikapita miaka miwili, kwaya ikaagiza majoho mapya. Watu thelathini na mmoja, kitambaa cha zambarau, wote sare. Mwalimu wa kwaya wa wakati ule, mtu mpole, akaleta tatizo lake: majoho yakifuliwa pamoja kila Jumamosi, Jumapili waimbaji wanagombana nani ni lake. "Lakini sitaki namba mgongoni, mama. Haya ni mavazi ya utumishi, si jezi za mpira." Bi Sindano akamwambia asijali. Akashonea chini ya kila kola, ndani ya bitana, uzi: mwekundu sauti ya kwanza, wa buluu sauti ya pili, mweupe ya tatu, mweusi ya nne. Mafundo kwa kadiri ya nafasi ya mtu kwenye mstari wa sauti yake wakati wa kuingia. Mwalimu akanakili orodha, akacheka, akasema hii ni akili. Baada ya miezi miwili alihamia mji mwingine na orodha yake mfukoni, na mwalimu mpya akawa anagawa majoho kwa kukisia urefu wa mtu. Bi Sindano hakuulizwa, naye hakuwa mtu wa kujipeleka asikoitwa.

Ila kuna siku ya vipimo, na hiyo lazima isemwe.

Walikuja mmoja mmoja pale chumba cha mbele. Kinanda akaja wa saba, kwa kuwa alikuwa wa saba kwenye mstari. Akasimama mbele ya kioo chenye ufa, mikono imenyanyuliwa.

"Wifi, kiuno kimeongezeka," Bi Sindano akasema, akiwa amepiga magoti na futi mkononi.

"Wifi, futi yako imepungua."

"Futi haijui kupunguka. Geuka."

Kinanda akageuka. "Ushone vizuri hapo kwenye shingo. Mimi ndiye natangulia kuimba, watu wote wananitazama mimi."

"Nakuona."

"Na usiwe na kinyongo, wifi. Mama alipumzika. Bora alivyokwenda amefunguliwa kuliko angekwenda na mambo yake."

Bi Sindano alikuwa amefika shingoni na futi. Akaizungusha, akasoma, akaiondoa. Akaandika kwenye daftari: namba saba, nyekundu, kifua, bega, urefu, shingo. Mlango ulipofungwa nyuma ya wifi, akaongeza mstari mmoja chini ya vipimo. Na siku aliyoshona kola ile, mguu ukiwa kwenye kanyagio na uzi mwekundu ukipita kidoleni, aliuomba mstari ule kila fundo. Tangu ubatizo wake hakuwahi kuomba kwa moyo wote namna ile. Maombi yake mengine yote yalikuwa kama salamu za barabarani. Haya alisimama akayatazama usoni.

Ikafika Jumapili moja, majoho yakiwa na miezi mitatu, Kinanda akaanza ubeti wa pili wa wimbo wake, na sauti ikakatika katikati ya neno. Akafungua mdomo tena, ukatoka upepo. Akakohoa, akanywa maji, akafungua mdomo tena, upepo. Kwaya ikaumalizia wimbo kama gari lililopasuka gurudumu.

Benchi la nne, Bi Sindano alihisi baridi miguuni. Kisha alihisi kitu kingine, na kile kingine kilikuwa furaha. Tusimsingizie. Ilikuwa furaha.

Wiki ya pili ikapita, ya tatu, ya tano. Kinanda alikuwa akinong'ona tu, na hata huko kunong'ona kulimuumiza. Binti muuguzi alimwambia mjomba wake waziwazi, "Mjomba, koo linatakiwa kuangaliwa kwa taa na kioo. Mpeleke hospitali." Mjomba akainama. Kikosi cha maombi kilikuwa kimeshasema hospitali isubiri.

Ndipo ikaja Jumamosi ya kufua. Msusi mmoja wa nywele, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alikuwa akikamua joho la Kinanda akaona bitana imeachia chini ya kola. Vidole vya msusi vinajua uzi. Akavuta, ukatoka mwekundu. Akahesabu.

"Saba! Jamani, mafundo saba! Njooni mwone mlivyolala!"

Karai likamwagika. Wakapasua kola ya pili, ya tatu, ya kumi. Kila joho na uzi wake, kila uzi na mafundo yake. Kwaya nzima imefungwa! Na kila mtu, ajabu, alikuta mafundo yake yanalingana na shida zake. Bwana mmoja wa sauti ya nne, aliyefukuzwa kazi kwa kulala ghalani, alikuta mafundo matano, akapiga paji la uso: kumbe ndiyo miezi yake mitano ya kukaa bure! Mwanadada wa sauti ya pili alikuwa na mawili, na wachumba waliomkimbia walikuwa wawili. Aliyekuwa na mafundo kumi na moja alihesabu shida zake hazikufika, akaazima za mama yake.

Jumatatu asubuhi wazee wawili wa kanisa walisimama kwenye mlango wa chumba cha mbele. Hawakukaa walipokaribishwa. Mmoja alikuwa na suruali aliyoshonewa mle mle ndani.

"Mama, Jumamosi saa tatu kanisani. Mbele ya kwaya na baraza."

"Kufanya nini?"

"Kutubu. Utapiga magoti, utasema umetenda uchawi, utaukana. Majoho yatachomwa. Ukifanya hivyo unapokelewa. Usipofanya, unatengwa na jina linasomwa Jumapili."

"Na nikitubu kosa nisilolitenda, Mungu atanipokea wapi, mlango wa nyuma?"

Mwenye suruali akakohoa. "Mchungaji amesema usiogope. Tunajua hili halikuanza na wewe. Limetoka kwa marehemu mama yako. Ukikiri wewe, tunakata mnyororo wa ukoo mzima."

Hapo Bi Sindano aliweka mkasi mezani. Wazee wakadhani ameingiwa na hofu, wakaondoka wamenyooka mabega. Haikuwa hofu. Alikuwa ameona kitu walichokuja nacho bila wao wenyewe kukiona. Yeye kutengwa, hilo angeweza kulibeba. Mgongo wake ulikuwa umeshabeba mengi. Lakini akilitamka lile neno kwa mdomo wake mwenyewe, basi limethibitika. Mama yake, aliyekuwa akikusanya vipande vya mkate vya safari, atakuwa mchawi milele, na shahidi ni mwanawe wa kumzaa.

Jioni binti akarudi, akakaa juu ya robota, akasimuliwa.

"Mama, hiyo si kazi ngumu. Daftari unalo. Wapelekee. Orodha imo, rangi zimo, tarehe zimo. Watahesabu mafundo yao wenyewe waone."

"Ndiyo."

"Sasa mbona uso huo?"

Bi Sindano akalitoa daftari chini ya mto wa kiti cha cherehani, akalifungua, akamwonyesha namba saba. Binti akasoma. Akasoma tena.

"Mama wewe."

"Mimi."

"Chana huu ukurasa."

"Nyuma yake kuna namba nane na tisa. Ukichanwa, wataona pengo palepale wanapopatafuta."

"Basi andika upya daftari zima. Siku tano zipo. Nitakusaidia."

"Niandike upya vipimo, sawa. Na kile nilichokiomba nacho nikiandike upya?" Akalifunga. "Miaka arobaini sijachana ukurasa wa mteja. Siwezi kuanza na wa mtu ninayemchukia."

"Wewe na kiburi chako mtazikwa pamoja."

"Kaburi litatutosha. Pasha chai."

Jumamosi saa tatu kanisa lilikuwa na jua la madirisha ya mashariki, viti vimepangwa duara, majoho thelathini na moja yamerundikwa sakafuni mbele ya madhabahu kama maiti. Mchungaji alikuwa mtu mrefu wa sauti laini, asiyewahi kumfokea mtu uso kwa uso. Kufoka alikuweka akiba kwa ajili ya mapepo. Kinanda alikaa kulia kwake, shali limezungushwa shingoni. Kaka alikaa nyuma ya mkewe akitazama viatu.

"Mama yetu," Mchungaji akaanza, "hapa hatukuchukii. Tunachukia kilichomo ndani yako."

"Kilichomo ndani yangu ni chai ya asubuhi. Naomba nianze mimi."

Akalifungua daftari, akavaa miwani. Akasoma kwa sauti: nyekundu, moja, fulani, nyekundu, mbili, fulani. Akamwambia msusi, maana ndiye mwenye vidole, aokote joho moja moja ahesabu. "Buluu mbili!" "Yule pale, aliyekimbiwa." "Nyeusi tano!" "Huyo wa ghalani. Ulikuwa wa tano mlangoni, baba, na kulala hukulala kwa sababu yangu." Mtu mmoja akacheka bila kutaka. Wa pili akamfuata. Kufikia nyeupe ya sita kanisa zima lilikuwa linacheka, na msusi alikuwa anahesabu huku machozi ya aibu yanamlenga.

"Kwa hiyo ni alama za dobi," mzee mwenye suruali akasema.

"Hata kwenye hiyo suruali unayo. Ndani ya mkanda. Kijani, matatu."

Mzee akaingiza kidole mkanda wa nyuma, akapapasa, akakitoa haraka. Kicheko kikapanda tena.

Mchungaji hakucheka, lakini alijua upepo umegeuka. Akanyoosha mkono akapewa daftari, akalipitia mwenyewe. Akafika mahali akasimama. Macho yake yakarudi nyuma mstari mmoja, yakaenda mbele. Akalifunga.

"Basi," akasema. "Ilikuwa kutoelewana. Tumshukuru Mungu. Mambo yameisha."

Kwa nini alilifunga, haijulikani. Huenda alimhurumia. Huenda alihesabu kwamba siku mbili za aibu zinatosha kwa kanisa moja. Bi Sindano alikuwa ameokoka. Alichotakiwa ni kuchukua mkoba wake na kwenda kushona.

"Hayajaisha," akasema. "Namba saba soma mpaka chini."

Binti yake, aliyesimama mlangoni na sare ya kazini, akafumba macho.

"Mama, si lazima."

"Soma, Mchungaji. Au nikusomee, naukumbuka."

Je, ilikuwa toba, au alitaka tu wifi asikie? Yeye mwenyewe hakuweza kulitenganisha hilo, wakati ule wala baadaye. Akasema kwa kichwa, akimtazama Kinanda: "Bwana, mdomo huu uliomwita mama yangu mchawi, uufunge. Usichelewe. Amina."

Kicheko kilikatika kama uzi. Msusi akadondosha joho.

"Huo sasa ndio uchawi!" mzee mwenye suruali akapiga kelele, amefurahi kupata pa kusimama tena. "Amekiri! Amekiri mwenyewe!"

"Nimekiri maombi. Nimemwomba Mungu, sikumwomba mwingine. Kwa jina lilelile mnalolitumia nyinyi."

"Mungu haombwi mabaya!" Mchungaji akasema, na sauti laini ilikuwa imeanza kukwaruza.

"Haombwi? Kila Ijumaa mchana unasimama hapo ulipo. Unatuambia tunyanyue mikono, tuseme adui zetu waanguke, wafe kwa moto, wasiinuke. Tunapiga makofi mpaka viganja vinawaka. Adui yupi huyo? Hana kimo? Hana upana wa bega? Kila mtu humu ana sura ya mtu kichwani anapopiga kelele. Mimi wangu nilimpima, ndiyo tofauti yetu."

"Tunawaombea hayo mapepo. Si watu."

"Na mama yangu? Mlipomnyima uji siku tatu, aliyekuwa anakonda ni pepo? Aliyeniuliza watoto hawa wananidai nini ni pepo?"

Kaka alikuwa ameinama mpaka kichwa kinakaribia magoti.

"Nisikilizeni," Bi Sindano akasema, taratibu zaidi. "Nilichukia. Nilimwendea Mungu nikamtaka anishikie panga. Hiyo ni dhambi, na naijua ukubwa wake, maana nilipoona imejibiwa nilifurahi. Hiyo nitaitubu, nitengeni mwaka mzima mkitaka. Lakini lile neno mlilotaka nilitamke sitalitamka. Si kwa ajili yangu. Mnalitaka kwangu ili mlipeleke kaburini kwa mama."

Mchungaji akamrudishia daftari lake. Alikuwa mjanja, na pia, tumpe chake, alikuwa mchungaji. "Vizuri. Kama uliomba afungwe, omba afunguliwe. Hapa, mbele yetu, kwa sauti. Tuone moyo wako."

"Maneno ninayo. Moyo sina. Nikiomba hivi nilivyo nitakuwa natwanga maji kwenye kinu, na nyinyi mtaitikia amina juu ya maji. Yale mabaya niliyaomba kwa moyo wote. Mazuri siwezi kuyaomba kwa mdomo tu. Hilo litakuwa tusi la pili kwa Mungu yuleyule."

Wengi walinung'unika. Mwanamke gani huyu, ameshikwa na bado anachagua?

Ndipo Kinanda akainuka. Akakatisha duara, akasimama mbele ya wifi yake, akainama mpaka shali lake likamgusa Bi Sindano begani. Alinuka dawa ya koo. Akanong'ona sikioni, pumzi tupu, na hakuna mwingine aliyesikia.

"Alikuwa mzee tu, wifi. Nilijua. Nilikuwa nimechoka kumfulia."

Bi Sindano alinyoosha mkono kumshika joho, joho halikuwepo mwilini, akashika shali. "Sema hivyo kwa sauti."

"Sauti nitaitoa wapi?" Kinanda akanong'ona, na pembe ya mdomo wake ikapanda kidogo. "Si umeifunga?"

"Amesema nini?" Mchungaji akauliza.

Kinanda akageukia watu, akaonyesha koo lake, akatikisa kichwa. Hamna kitu.

"Amesema mama hakuwa mchawi!" Bi Sindano akasema. "Amesema alijua! Amesema alichoka kumfulia! Kaka, hukusikia? Umekaa hapo hapo!"

Kaka hakuinua uso.

"Unamsemea tena?" mzee mwenye suruali akasema. "Umemfunga mdomo, sasa unatia maneno yako ndani yake?" Na safari hii waliocheka walikuwa wanamcheka yeye.

Bi Sindano akasimama katikati ya duara, na hesabu ikamfikia yote kwa mara moja. Dunia nzima ulikuwepo mdomo mmoja tu ulioweza kumsafisha mama yake. Mdomo huo ulikuwa umeshakiri. Na yeye, kwa mafundo saba na moyo wake wote, alikuwa ameomba usisikike.

Akapiga magoti. Alishuka polepole, goti moja likalia, la pili likafuata. "Asante Yesu," akasema mtu nyuma. "Amevunjika," akasema mwingine. Mchungaji akanyoosha mkono juu ya kichwa chake. Bi Sindano akamshika Kinanda kifundo cha mkono, akafumba macho, na alipofungua kinywa hakuna aliyehitaji kuuliza kama moyo umo.

"Bwana," akasema, "mfungue mdomo mwanamke huyu. Mfungue leo, usingoje kesho. Uvimbe kama upo uondoe, daktari kama anatakiwa mlete. Mrudishie sauti yake yote, ya juu na ya chini, kama ulivyompa, asikike humu ndani na sokoni na makaburini. Nakuomba, Bwana, kwa roho yangu yote. Mfungue, halafu umsimamishe mbele ya watu hawa, aseme."

Kanisa zima likaitikia amina, hata mzee mwenye suruali. Kinanda peke yake hakuitikia. Alikuwa anavuta mkono wake, anauvuta, na vidole vya Bi Sindano, vilivyokomazwa na mkasi wa miaka arobaini, havikuachia.